Tusomesheeni daktari wa watoto wenye saratani: Barua ya wazi kwa magavana wa Trans Nzoia na Bungoma

Kwa Mheshimiwa George Natembeya, Gavana wa Kaunti ya Trans Nzoia;
Kwa Mheshimiwa Kenneth Lusaka, Gavana wa Kaunti ya Bungoma;
Na kwa mawaziri wenu wa afya, bodi zenu za utumishi wa umma, na wawakilishi wa wadi katika mabunge ya Kitale na Bungoma.

Waheshimiwa,

Ombi langu ni moja, na naliweka hapa mwanzoni lisije likapotelea katikati ya maneno. Naomba kila moja ya kaunti hizi mbili ichague daktari wake mmoja wa watoto, imlipie na impe ruhusa ya kwenda kusomea ubingwa wa saratani na magonjwa ya damu ya watoto kwa miaka 2. Akirudi, akute chumba, muuguzi, mfamasia na dawa vikimsubiri, Kitale kwa yule wa Trans Nzoia na Bungoma mjini kwa yule wa Bungoma. Yote yanayofuata ni sababu za ombi hilo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilifundisha pande za Kimilili, kisha Kiminini. Mwalimu wa madarasa ya chini humwona mtoto kila asubuhi, akamjua akiwa mzima na akajua siku aliyobadilika. Kuna mvulana ambaye rejista yake ilikuwa na mapengo muhula baada ya muhula: wiki hii yupo, wiki ijayo hayupo, na akirudi macho yana umanjano na miguu inamuuma hata kusimama gwaride ni taabu. Wenzake walimwita mvivu. Alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Ndugu zake wakubwa wawili walikuwa wamefariki kabla ya kuanza shule, na hakuna aliyewahi kupima damu yao kujua kilichowaua.

Kuna pia msichana aliyekuja Jumatatu moja shavu limevimba. Meno ya upande ule yalikuwa yakicheza kwenye fizi, na hayakuwa meno ya utoto. Akapelekwa kung'olewa jino. Kidonda kikakataa kufunga, uvimbe ukapanda, na kabla ya muhula kwisha jicho la upande huo likawa linasukumwa nje. Zahanati moja ikampa dawa za kuua viini, nyingine ikampa tena. Alipofika mbele ya daktari aliyeujua ugonjwa ule kwa jina, ulikuwa umeshuka tumboni.

Uvimbe ule wa taya una historia, na historia hiyo ni ya eneo letu. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka uliofuata akaandika maelezo ya kwanza ya kina kuhusu saratani hiyo, ambayo leo duniani kote inaitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakatoka Kampala kuelekea kusini hadi Afrika Kusini, wakisimama hospitali kwa hospitali na kuuliza swali moja: mmewahi kuona watoto wenye uvimbe huu? Majibu yakachora ramani. Ugonjwa ulikuwepo palipo na joto, mvua na mbu, na katika nchi zilizo karibu na ikweta ulitoweka mtu akipanda juu ya takribani mita 1,500. Mwaka 1964, kutokana na vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, Anthony Epstein na wenzake huko London wakagundua kirusi ambacho leo kina jina lake na la Yvonne Barr. Ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Sasa iweke ramani hiyo juu ya kaunti zenu. Mji wa Bungoma uko chini ya mstari ule wa Burkitt, na Kitale uko juu yake, karibu mita 1,900. Kwa hiyo Bungoma ndiko ugonjwa unakozaliwa, na Kitale ni mahali ambako watoto wa bondeni hufikishwa, pamoja na wale wanaoletwa kutoka Turkana na Pokot Magharibi kwa sababu barabara ya Lodwar na Kapenguria inapita hapo.

Selimundu nayo ina ramani inayofanana sana na hiyo. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hii mwaka 1949 akipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona kwamba chembe ya urithi ya selimundu ni nyingi pwani na karibu na Ziwa Victoria, na ni adimu kwenye nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha sababu: anayerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja hulindwa dhidi ya malaria kali, ndiyo maana imedumu vizazi na vizazi mahali penye malaria. Anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye yule mvulana wa rejista yenye mapengo.

Waheshimiwa, elimu ya dunia kuhusu magonjwa haya mawili ilitoka kwenye damu na miili ya watoto wa eneo hili. Vitabu vinavyofundishia madaktari wa Ulaya na Marekani vina picha za watoto wetu. Ni haki iliyo wazi kwamba mtoto wa Chwele au Endebess apate daktari aliyesoma vitabu hivyo.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa: Eldoret iko karibu. Ni kweli. Kutoka Kitale ni kilomita 70 hivi kupitia Moi's Bridge na Soy, na kutoka Bungoma ni karibu kilomita 100 kupitia Webuye na Turbo. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ina wataalamu wa saratani za watoto, na tangu 2015 ina hospitali nzima ya watoto, Shoe4Africa, ambayo ni ya umma. Kazi inayofanyika pale ni ya kuheshimiwa, na hakuna neno katika barua hii la kuipunguza.

Lakini wahusika wa Eldoret wenyewe ndio waliotuonyesha tatizo. Daktari Festus Njuguna na wenzake walifuatilia watoto waliogunduliwa kuwa na saratani katika hospitali hiyo kati ya 2007 na 2009. Zaidi ya nusu yao waliacha matibabu kabla ya kumaliza. Wazazi walipotafutwa hadi vijijini na kuulizwa sababu, walitaja pesa, kukosa bima na shida ya usafiri. Miaka imepita na mambo mengi yamebadilika Eldoret tangu wakati huo, lakini umbali haujapungua hata kilomita moja.

Fikirieni hesabu ya mama mmoja wa Kapsokwony. Saratani ya damu inayowapata watoto zaidi, ile kali ya chembe changa, hutibiwa kwa miaka 2 hadi 3. Miezi ya kwanza mtoto hulazwa, na hiyo ni sawa, lazima akae Eldoret. Baada ya hapo inafuata safari ndefu ya kwenda na kurudi: kupimwa damu, kuchomwa sindano ya mshipa ambayo haichukui hata nusu saa, kupewa vidonge vya nyumbani, kurudi tena. Kila safari ni boda boda mpaka steji, matatu mpaka Bungoma au Webuye, matatu nyingine mpaka Eldoret, chakula, mara nyingine kulala, na siku ya kibarua iliyopotea. Nyumbani kuna watoto wengine na ng'ombe wa kukamuliwa. Mtoto naye, tuseme mwezi wa tano, nywele zimerudi, anacheza mpira, anakula. Baba anauliza: huyu si amepona? Wanaacha. Saratani inarudi, na ikirudi haizitii dawa za mwanzo.

Sehemu kubwa ya safari hizo haina haja ya kwenda Eldoret. Vipimo vya damu na sindano ya nusu saa vinaweza kufanyika Bungoma. Kinachokosekana ni mtu mwenye elimu ya kuamua kwamba leo chembe za damu za mtoto huyu zinatosha apewe dawa, au hazitoshi, asubiri wiki. Uamuzi huo ni wa mtu aliyefundishwa, na ukikosewa unaua.

Nieleze kidogo elimu hiyo ni nini, kwa sababu kwenye vikao vya bajeti inaitwa tu mafunzo, na neno hilo linafanana na semina ya siku tatu hotelini.

Kuna dawa inaitwa vinkristini. Inatumika kwa saratani ya damu, kwa limfoma ya Burkitt, kwa uvimbe wa figo. Huingizwa kwenye mshipa wa damu tu. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama ya mkono mpaka ngozi ife. Ikiingizwa kwa makosa kwenye maji ya uti wa mgongo, mtoto hufa, na imetokea katika hospitali tajiri za dunia. Shida ni kwamba mtoto huyohuyo, pengine siku hiyohiyo, anahitaji dawa nyingine, methotreksati, ambayo huingizwa palepale kwenye uti wa mgongo. Sindano mbili, mtoto mmoja. Hospitali zilizojifunza huzitenganisha: vinkristini huwekwa kwenye mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano, ina lebo yake, na haifikishwi kabisa kwenye chumba ambamo mtoto anachomwa mgongoni. Taratibu kama hizi hutokana na daktari, muuguzi na mfamasia waliofundishwa pamoja na wanaokumbushana.

Chukueni homa sasa. Kwetu homa ya mtoto ni malaria mpaka ithibitishwe vingine, na mara nyingi ni kweli. Lakini kwa mtoto aliye kwenye kemo, yaani dawa za saratani, ambaye askari wa damu yake wameshuka karibu na sufuri, homa ni dharura ya kupewa dawa za kuua bakteria kwa mshipa ndani ya saa moja. Akiambiwa akapange foleni ya kupima malaria, akasubiri majibu, akapewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani, anaweza asifike asubuhi. Watoto wanaokufa hivyo huwa saratani yao ilikuwa inaitikia dawa vizuri. Wanaangushwa na maambukizi yanayotibika.

Kuna pia kosa la nia njema. Mtoto analalamika mifupa na viungo vinauma, anapewa prednisoloni, anapata nafuu, kila mtu anafurahi. Kumbe dawa hiyo ni moja ya silaha zenyewe za kutibu saratani ya damu, na ikitolewa peke yake kabla ya kipimo cha uboho, huificha saratani, kipimo kikaja kusema uongo, na chembe zinazobaki zikawa sugu. Afisa wa kliniki hawezi kulaumiwa kwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kumweleza. Daktari bingwa aliyeketi Kitale angewaeleza maafisa wa kliniki wote wa kaunti, mwaka baada ya mwaka, kwa majina na kwa simu, mpaka waache.

Nayo limfoma ya Burkitt ina haraka yake. Uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Hakuna saratani ya binadamu inayokua haraka zaidi. Kwa hiyo barua ya rufaa inayosema njoo wiki ijayo ni hukumu. Na dawa zikianza, uvimbe unayeyuka kwa kasi ileile, takataka zake zinajaa kwenye damu na kuziba figo, hivyo mtoto lazima ajazwe maji na dawa ya kulinda figo kabla hajapewa tone la kwanza la kemo. Ugonjwa unaotisha hivi kwa macho ni miongoni mwa saratani zinazopona kwa dawa peke yake, bila kisu. Hilo lilionekana Uganda mapema miaka ya 1960, wakati sehemu nyingi za dunia bado ziliamini saratani haiponyeki kwa dawa.

Kwa upande wa damu, Bungoma hasa ina deni kubwa. Selimundu inaweza kugunduliwa kwa tone la damu la kisigino mtoto akiwa na siku chache. Akigunduliwa, anapewa penisilini ya kinga, chanjo, kinga ya malaria, asidi foliki, na baadaye haidroksiuria, kidonge kinachopunguza maumivu na kuepusha kulazwa. Mama anafundishwa kupapasa bandama. Anaelezwa kwamba vidole vikivimba mtoto akiwa na miezi sita au saba, hiyo ni dalili, wala hajarogwa na mtu. Kuna kipimo cha sauti kinachowekwa kando ya kichwa kuona kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo, ili anayeelekea kupata kiharusi atambuliwe mapema. Bila haya, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa Afrika wanaozaliwa na ugonjwa huu hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Wengi huandikwa malaria au upungufu wa damu.

Na kuna jambo ambalo wazee wa Kibukusu wananielewa nikilitaja. Kila Agosti ya mwaka wa shufwa vijana wetu huingia tohara. Katika ukoo mmoja au mwingine husikika habari za kijana aliyetoka damu usiku kucha, ikakataa kuganda, na minong'ono ikaanza: kakosea nini, mama yake kafanya nini. Mara nyingi jibu ni hemofilia, ugonjwa wa kuzaliwa nao ambao mama huubeba bila kuugua na mwana wa kiume huugua. Ikijulikana mapema, kijana hupewa dawa ya kugandisha damu kabla ya kisu, naye anapita tohara pamoja na rika lake. Daktari wa damu mwenye kliniki Bungoma angeweza kukaa na wazee na ngariba kuanzia Aprili au Mei, koo ambazo wajomba waliwahi kutoka damu kupita kiasi zikapimwa, na aibu ile ikaondoka kwa wanawake wetu.

Nimesema mengi juu ya haja. Sasa mahali pa kusomea. Kampala ina feloshipu ya miaka 2 tangu 2016, inayoendeshwa kwa pamoja kati ya Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Saratani ya Uganda na mpango wa Global HOPE wa Texas Children's Hospital na Baylor College of Medicine. Inapokea madaktari ambao tayari ni mabingwa wa watoto kutoka nchi za Afrika Mashariki. Bungoma iko karibu zaidi na Malaba kuliko ilivyo karibu na Eldoret. Daktari wetu akitoka Mulago Ijumaa jioni anaweza kulala kwao. Eldoret nayo ina walimu, wagonjwa na ushirikiano wa muda mrefu na Indiana University kupitia mpango wa AMPATH, na pia na kituo cha Princess Máxima cha Utrecht, Uholanzi. Daktari anayesoma hapa anasoma juu ya magonjwa atakayotibu, yaani Burkitt, selimundu, utapiamlo juu ya saratani, malaria juu ya kemo. Hapati mazoea ya kutegemea mashine ambazo Kitale haitazipata miaka mingi.

Taasisi hiyo ya Kampala inanipa pia mfano ninaouheshimu sana. Ilianzishwa 1967 kwa ajili ya limfoma, ikiongozwa na Mmarekani kijana, John Ziegler, na kazi yake ikashangaza dunia. Mwaka 1972 siasa za Idi Amin ziliwafanya wageni wengi waondoke. Wengi wangetarajia milango ifungwe. Lakini alikuwepo Charles Olweny, Mganda, akashika uongozi na kuendelea kutibu katika miaka ambayo hata dawa na umeme vilikuwa taabu. Wodi ile ilibaki kwa sababu kulikuwa na mwenyeji aliyefundishwa. Washirika wa nje ni baraka, nami nawashukuru, lakini fedha zao hukatika kwa uamuzi unaofanyika mbali na sisi, kama tulivyoona kwenye huduma nyingine za afya.

Tanzania wametangulia katika jambo hili la kusogeza huduma. Kitengo cha saratani za watoto cha Muhimbili, kwa msaada wa shirika la Tumaini la Maisha, hakikuridhika kukaa Dar es Salaam kusubiri watoto wa Mwanza na Moshi. Walijenga mtandao na hospitali za kanda kama Bugando na KCMC, dawa na miongozo ikawa ileile, madaktari wakashauriana juu ya mtoto mmojammoja, na mtoto akatibiwa karibu na kwao kadiri inavyowezekana. Eldoret, Kitale na Bungoma zingeweza kuwa mtandao kama huo, na umbali kati yao ni mdogo mara nyingi kuliko wa kutoka Mwanza hadi Dar.

Kuna wasiwasi kwamba daktari akishasoma atatoroka: aende Nairobi, hospitali binafsi, au ng'ambo. Nauchukulia kwa uzito, kwa kuwa nimeona walimu wazuri wakiondoka vivyo hivyo. Mkataba wa kutumikia kaunti baada ya masomo ni sahihi na uwepo. Lakini mkataba peke yake haumshiki mtu. Daktari huondoka anaporudi na kukuta hana chumba, dawa alizosomea hazimo kwenye oda, muuguzi aliyefundishwa naye kahamishiwa wodi ya wazazi, na yeye mwenyewe amepewa cheo cha kusimamia idara ili kujaza pengo. Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa na feloshipu ya saratani za wanawake kwa ushirikiano na University of Toronto, na wahitimu wake wanafanya kazi hapa nchini. Watu hubaki penye kazi ya kufanya.

Wengine watasema malaria na kuhara huua watoto wengi zaidi, tuanze na hayo. Bungoma ilikuwa miongoni mwa kaunti 8 zilizoanza kutoa chanjo ya malaria mwaka 2019, na ninyi mnajua jinsi wahamasishaji wa afya ya jamii walivyotembea nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo iendelee. Ninachoomba ni mshahara wa madaktari wawili ambao tayari mnawalipa, ada yao ya masomo, na madaktari wawili wa kushika zamu zao kwa miaka 2. Kaunti hizi mbili zilihesabiwa kuwa na zaidi ya watu milioni 2.6 katika sensa ya 2019. Kwa idadi hiyo, daktari mmoja wa kila upande ni kiasi kidogo mno cha kuombwa.

Dunia nayo imejiwekea lengo. Kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 duniani hupata saratani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kufikisha angalau asilimia 60 ifikapo 2030. Daktari atakayeanza masomo mwaka ujao atamaliza karibu na mwaka huo. Mkichelewa tena, 2030 inaweza kufika akiwa bado darasani.

Haya ndiyo ninayowaomba mtie sahihi. Barua za ruhusa ya masomo kwa mshahara kamili, zitolewe na bodi zenu bila daktari kuzifuata miezi na miezi ofisi kwa ofisi. Mkataba wa kurudi, wenye miaka ya utumishi iliyoandikwa wazi. Nafasi ya kazi yenye jina hilohilo la ubingwa katika muundo wa utumishi wa kaunti, ili akirudi asiajiriwe kama daktari wa kawaida. Wauguzi wawili na mfamasia mmoja kila upande, wapelekwe Eldoret kwa miezi kadhaa wakati daktari yuko masomoni, ili timu irudi kwa wakati mmoja. Makubaliano ya maandishi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi juu ya mtoto gani anatibiwa wapi, na nani anapiga simu kwa nani usiku. Na mazungumzo na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ili mtoto anayepata sindano yake Kitale au Bungoma alipiwe palepale bila mzazi kuambiwa kifurushi chake kinatambulika Eldoret tu.

Katiba ya 2010 imempa kila mtoto haki ya huduma ya afya katika Kifungu cha 53, na tangu 2013 hospitali za kaunti ziko mikononi mwenu. Sheria inawataka mfikishe makadirio ya bajeti kwenye mabunge yenu kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo mtatuita kwenye kumbi za wadi kutoa maoni. Wazazi ninaowafahamu wa Sirisia, Webuye, Kwanza na Cherang'any wameniahidi kufika, baadhi wakiwa na watoto wao, na wale wa selimundu watakuja na kadi za kliniki. Tutaomba tuonyeshwe mstari wa bajeti ulioandikwa mafunzo ya ubingwa wa saratani na magonjwa ya damu ya watoto, kiasi kilichotengwa, na jina la daktari atakayeondoka.

Wenu katika utumishi wa watoto,

Mwalimu mstaafu, Kiminini